Kisoma skrini bila kuchoka: vitufe ninavyoanza navyo

Sioni tangu utotoni, na hapa Mombasa nafundisha wenzangu wasioona kutumia kompyuta. Wengi wanaonijia tayari wana NVDA, programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kwenye laptopu zao. Tatizo ni kwamba wamefundishwa mshale wa chini peke yake. Kila ukurasa wausikiliza kuanzia juu: menyu, matangazo, msururu wa viungo, ndipo waifikie habari yenyewe. Mama mmoja aliniambia siku ya kwanza, "Mwalimu, mashine hii yasema mno, mie siwahi kushika kitu." Alikuwa na haki. Basi haya ndiyo ninayowaonyesha, kwa mpangilio huu huu.

Nafundishia NVDA kwa sababu ni ya bure, na kwa sababu aliyeianzisha mwaka 2006 kule Australia, Michael Curran, mwenyewe haoni. Akaungana naye James Teh, naye pia haoni. Unapoitumia unahisi kwamba waliopanga vitufe vyake waliishi na shida hii.

Hatua ya 1: Kitufe cha NVDA

Amri nyingi zaanza na kitufe kimoja, ambacho kwa kawaida ni Insert. Kwenye laptopu ndogo Insert hujificha, kwa hivyo NVDA inapofunguka na kukukaribisha, chagua Caps Lock itumike pia, na mpangilio wa kibodi uwe wa laptopu. Ukitaka herufi kubwa, bonyeza Caps Lock mara mbili haraka.

Kisha bonyeza NVDA na 1. Sasa kila kitufe unachogusa chatajwa jina na kazi yake, bila kufanya chochote. Mwache mwanafunzi acheze hapo hata nusu saa. Vidole vyapoteza woga. Kutoka, NVDA na 1 tena.

Hatua ya 2: Sauti

Sauti ya Kiingereza ikisoma Kiswahili, hata "Changamwe" huitambui. Bonyeza NVDA, Control na S, uchague eSpeak NG, mtambo wa sauti unaojua Kiswahili. Halafu NVDA, Control na V, na kwenye orodha ya sauti utafute ya Kiswahili. Si sauti tamu, ni ya kimashine kabisa, lakini maneno yatamkwa kama yalivyoandikwa. Anza na mwendo wa polepole, uongeze kidogo kila wiki. Kubwa zaidi: kitufe cha Control hunyamazisha papo hapo. Huna wajibu wa kusubiri imalize.

Hatua ya 3: Ruka, usitambae

Fungua makala ya Mombasa kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Naipenda kwa mazoezi kwa sababu kurasa zake zimepangwa vizuri. Bonyeza H. Umeruka hadi kichwa cha kwanza. H tena, kinachofuata. Shift na H, umerudi nyuma. Ukibonyeza 2 wapita kwenye vichwa vya ngazi ya pili tu, yaani sehemu kuu za makala. Ukifika unapopataka, shika mshale wa chini usome.

K ni viungo, B ni vitufe vya kubonyeza, E ni sehemu za kuandika, T ni majedwali. Usikariri vyote leo. H na E zatosha wiki nzima.

Ukitaka kuuona ukurasa wote kwa mkupuo, NVDA na F7 hukuletea orodha ya viungo au vichwa, uchague na kubonyeza Enter.

Hatua ya 4: Fomu

Hapa ndipo wengi huvunjika moyo, kwa hivyo napakalia.

Kijana mmoja alikuwa akijaza maombi ya kazi. Alishuka kwa mshale hadi pa kuandika anakoishi, akaanza: K-i-s-a-u-n-i. K ikampeleka kwenye kiungo. I ikamrusha kwenye orodha. U ikamtupa kwenye kiungo kingine ambacho hajawahi kukifungua. Alipomaliza jina la mtaa wake hakuandika hata herufi moja, wala hakujua yuko wapi. Aliondoa mikono kwenye kibodi akanyamaza. Alidhani yeye ndiye asiyejua.

Kumbe NVDA ina hali mbili. Katika hali ya kusoma, herufi ni amri za kuruka. Katika hali ya kuandika, herufi ni herufi. Ukifika kwa Tab, mara nyingi yenyewe hubadilika. Ukifika kwa mshale, hubaki kwenye kusoma. Dawa ni NVDA na nafasi, yaani kile kitufe kirefu cha kutenganisha maneno. Kila hali ina mlio wake, na huo mlio ndio nataka masikio yako yaujue kuliko amri yoyote. Kwa hivyo: E hadi pa kuandika, NVDA na nafasi, sikiliza mlio, andika, NVDA na nafasi tena, E kwa sehemu inayofuata.

Kuna tovuti ambazo H haipati kitu. Aliyeijenga alikoza maandishi tu bila kuyawekea alama ya kichwa. Kwa macho ni kichwa, kwetu ni mstari kama mwingine. Hapo jaribu N, inayoruka rundo la viungo hadi kwenye maandishi, au NVDA, Control na F utafute neno. Nanyi mnaojenga tovuti, nawaomba: wekeni vichwa halisi, na kila sehemu ya kuandika ipewe jina lake. Asiyeona akisikia "sehemu ya kuandika" bila jina, aandike nini?

Hatua ya 5: Hifadhi

NVDA, Control na C, la sivyo huenda kesho ukaikuta sauti imerudi kama zamani.

Zoezi la leo: fungua makala ile ile, vaa kipokea sauti sikio moja ili uendelee kusikia nyumba, na uifikie sehemu ya historia bila kugusa mshale hata mara moja. Yule kijana wa Kisauni alifika kwa mibonyezo minne.