Chai ya kijani ya mchai pori: usiipike, iroweke

Mchai usiopogolewa hukua ukawa mti. Yunnan huko China, na kaskazini mwa Vietnam, ipo michai mirefu ambayo wachumaji huikwea. Kwetu Tanga, Wajerumani waliupanda Amani, kwenye milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20, na kichaka kilichoachwa bila panga nacho hurefuka vivyo hivyo.

Jani la mti wa namna hii ni pana na nene, na likikauka hujikunja likawa refu na jepesi. Kwa hiyo kijiko hudanganya. Kijiko cha majani ya dukani yaliyosagwa huwa na gramu 2 au zaidi, ilhali cha majani pori huenda kisifike hata gramu 1. Tumia mizani ndogo ya jikoni: gramu 3 kwa maji mililita 200.

Kosa kubwa la watu wa pwani ni kuyatia majani haya kwenye sufuria na kuyachemsha kama chai ya rangi. Majani ya chai ya rangi yameachwa yapigwe na hewa mpaka yakageuka rangi, ndipo yakakaushwa. Ya kijani hukaangwa au kupitishwa kwenye mvuke mapema ili yasigeuke. Utamu wake hutoka hata kwa maji ya uvuguvugu, lakini ukakasi hutoka kwa wingi maji yakiwa ya moto sana. Ukiyatokosa, unapata kikombe kichungu kinachokausha ulimi, na sukari haikiokoi.

Yanayofaa ni maji ya nyuzi 75 hadi 80. Kipimajoto si lazima. Chemsha maji, kisha changanya vikombe viwili vya maji yaliyotokota na kikombe kimoja cha maji ya kunywa yaliyokaa mezani. Kwa joto la Tanga mjini au Bagamoyo utapata kama nyuzi 76. Lushoto ni tofauti: kwa sababu ya mwinuko, maji hutokota kwenye nyuzi 95 hivi na ya mezani ni ya baridi, basi changanya vitatu kwa kimoja, na birika ulipashe moto kwanza.

Weka majani ndani ya birika la udongo au bilauri nene, mimina maji taratibu, funika, subiri dakika 2. Chuja yote, tone la mwisho pia, maana maji yakibaki na majani yanaendelea kukamua ukakasi. Rangi iwe ya kijani kibichi inayoelekea manjano. Ikiwa ya kahawia, ama maji yalikuwa ya moto mno, ama majani yenyewe ni ya zamani.

Usitupe majani, yamiminie maji tena. Mkupuo huo wa pili uwe wa dakika 1 tu, kwa kuwa yameshafunguka; wa tatu dakika 3, wa nne 4 au 5. Kwa jani pori lililokaangwa vizuri, huo wa pili ndio mtamu kuliko yote.

Chai ikitoka hafifu na juu imefanya utando, chunguza maji kabla ya kulaumu majani. Visima vingi vya karibu na bahari vina chokaa au chumvi, na maji hayo huua harufu. Maji ya mvua yaliyokingwa safi na kuchemshwa yanafaa zaidi.

Maziwa usitie, iliki na tangawizi ziache kwenye chai ya rangi. Usiihifadhi kwenye chupa ya chai pia, itapikika humo na kuwa chungu. Mwenye upungufu wa damu ainywe saa moja au mbili mbali na mlo, kwani chai hupunguza madini ya chuma ambayo mwili hupata kwenye chakula.

Hewa ya pwani ina unyevu, na jani kavu hunyonya kila harufu. Lifunge kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, mbali na karafuu na dagaa, na kila ukishachota funga papo hapo. Likilainika likawa halivunjiki vidoleni, limeshanyonya unyevu: likaushe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo kabisa, ukiligeuza mpaka livunjike tena, na ulinywe mapema.