Namna ya Kufuatilia Kuinuka na Kuporomoka kwa Jumba Kubwa la Maduka

Anayetaka kuandika historia ya jumba la maduka lililowahi kuhudumia eneo zima, kisha likabaki tupu, hushawishika kuanza na milango iliyofungwa na vioo vilivyovunjika. Ni bora aanze na ardhi. Tafuta hati za umiliki na ramani za mipango miji za miaka kumi kabla ya ujenzi, kwa sababu humo ndimo utakamoona barabara kuu ilipangwa kupita wapi, nani aliwahi kununua viwanja kando yake, na kama kodi ilimpendelea mjenzi. Nchini Marekani, sheria ya kodi ya mwaka 1954 iliwaruhusu wawekezaji kukata upesi gharama za majengo mapya kutoka katika mapato yanayotozwa kodi, na sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 ikarahisisha safari za magari hadi pembezoni mwa miji. Mwaka huohuo wa 1956 ndipo Southdale Center, iliyosanifiwa na Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna, ilipofunguliwa huko Edina, Minnesota, ikiwa na paa juu ya njia zake zote na hewa iliyodhibitiwa.

Hatua inayostahili muda wako mwingi zaidi ni kuwachunguza wapangaji wakuu, yaani yale maduka makubwa yanayowekwa kwenye ncha za jumba ili mteja anayetoka moja kwenda jingine apite mbele ya maduka madogo. Kwa kuwa wao ndio wanaovuta watu, kwa kawaida hutozwa kodi ya pango ndogo sana kwa kila mita ya mraba, na wengine humiliki majengo yao wenyewe, hivi kwamba mzigo wa kumwingizia mwenye jumba mapato huwaelemea wenye maduka madogo. Hao nao mara nyingi huwa na kifungu katika mikataba yao kinachowaruhusu kupunguziwa kodi ya pango au kuondoka iwapo mpangaji mkuu aliyetajwa atafunga. Ukilielewa jambo hili, utaona kwa nini kuondoka kwa duka moja tu kunaweza kuondoa maduka mengi ndani ya miaka michache, hata pale ambapo biashara ya hayo mengine haikuwa mbaya. Kwa hiyo chora jedwali la miaka, uandike kila mpangaji mkuu aliingia lini, aliondoka lini, na nani alimiliki jengo lake.

Tarehe hizo utazipata katika vitabu vya zamani vya simu na katika matangazo ya magazeti, hasa ya mwezi Desemba, wakati ambapo karibu kila duka hutangaza. Wahoji pia walinzi, wafagizi na wauzaji, watu ambao historia za namna hii huwasahau isivyo haki. Waulize duka gani lilikuwa karibu na mlango fulani, wala usianze na mwaka, kwa kuwa mahali hukumbukwa vizuri kuliko tarehe. Kisha thibitisha majibu yao kwa matangazo.

Unapofika kwenye sababu za kuporomoka, usikimbilie kuulaumu mtandao wa intaneti. Dixie Square, jumba lililofunguliwa mwaka 1966 huko Harvey, Illinois, lilifungwa mwaka 1978, kabla mtu yeyote hajaagiza bidhaa kwa intaneti. Tazama kwanza majumba pinzani yaliyojengwa karibu, madeni ya mwenye jumba, na viwanda vilivyofungwa katika eneo hilo. Intaneti ina nafasi yake: Randall Park Mall ya Ohio, iliyofunguliwa mwaka 1976, ilifungwa mwaka 2009, na mahali pake pamejengwa ghala la Amazon, kampuni inayouza bidhaa kwa intaneti. Hata hivyo, ghala hilo lilikuja baada ya jumba kufungwa, na mpangilio huo wa matukio lazima uonekane katika maandishi yako.

Mwisho wa jumba nao una tarehe zaidi ya moja, kwani siku umma ulipozuiwa kuingia, siku mpangaji wa mwisho alipohama na siku jengo lilipobomolewa zinaweza kuachana mno. Dixie Square ilibomolewa mwaka 2012, miaka 34 baada ya kufungwa. Ziandike tarehe zote tatu, kila moja na ushahidi wake.