Namna ya kutumiana mafaili makubwa bila kutegemea tovuti inayoweza kufungwa kesho

Wakuu habari za muda huu. Hii naandika kwa ajili ya maprodyuza, wapiga video za harusi, wanafunzi wenye vipindi walivyorekodi darasani, na yeyote mwenye mafaili mazito YAKE MWENYEWE ambaye kazi yake ni kuyapandisha kwenye tovuti fulani ya bure, anagawa linki, halafu anafuta kwenye simu ili apate nafasi. Jamani huo utaratibu ni wa hatari sana na watu wanaupenda kwa sababu siku zote umekubali, mpaka siku unapokataa.

Angalieni yaliyoikuta Megaupload, tovuti ya kupandisha na kugawana mafaili. Tarehe 19 Januari 2012 serikali ya Marekani iliifunga, mwenyewe Kim Dotcom akakamatwa nyumbani kwake New Zealand, kosa ni kwamba tovuti ilijaa muvi na miziki ya watu. Sawa, lakini mle ndani kulikuwa na watu kibao wasio na kosa lolote, mfano jamaa mmoja wa Ohio aliyekuwa anarekodi michezo ya shule za sekondari, video zake mwenyewe alizopiga kwa kamera yake, na bahati mbaya diski yake ya nyumbani ilikuwa imekufa siku chache tu kabla. Akaenda mahakamani akisaidiwa na EFF, shirika la Marekani linalotetea haki za watumiaji wa mtandao, kuomba vitu vyake, miaka ikakatika anadai tu. Na mwaka 2013 kampuni ya Uholanzi iliyokuwa inaikodisha Megaupload seva ikazifuta seva 630 kwa mpigo, kwisha habari. Hakuna polisi anayekaa kuchambua hili faili la harusi hili la muvi ya wizi, wanabeba seva zote.

Ukifuatilia hizi kamatakamata utaona zinaua kitu kimoja, nacho ni ile sehemu ya katikati ambayo kila mtu lazima apitie. Napster, huduma ya kugawana nyimbo, ilikufa 2001 kwa sababu orodha ya nyimbo zote ilikaa kwenye seva zao. Pirate Bay, tovuti ya kutafutia mafaili ya kushusha, polisi wa Sweden walibeba seva zake Mei 2006 na ndani ya siku 3 ikarudi hewani, maana mafaili yenyewe hayakuwa kwao, yalikuwa kwenye kompyuta za watu. Mimi siitetei Pirate Bay, kazi za wasanii ziliibiwa sana pale, ila somo la kiufundi lipo wazi na mtu mwenye kazi yake halali ana haki ya kulitumia.

Sasa tuanze. Kabla ya kumtumia mtu chochote hakikisha nakala ipo sehemu mbili zilizo mkononi mwako, kwa mfano kompyuta na diski ya nje, linki ya mtandaoni iwe ya tatu. Ukinunua flashi au diski iformati kwa exFAT, kwa sababu nyingi zinakuja na FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4, na video ya harusi inapita hapo mapema tu, watu wanadhani flashi ni mbovu kumbe ndo hiyo.

Kama mnayetumiana naye mpo chumba kimoja usichome bando, weka programu ya LocalSend kwenye vifaa vyote viwili, ni ya bure, inakubali Android, iPhone, Windows na Linux. Mmoja awashe hotispoti mwingine aunge, simu ikilalamika hakuna intaneti achana nayo, fungua programu, chagua faili, jina la kifaa cha mwenzio litatokea, gusa, yeye akubali, imeisha. Isipoona kifaa cha pili mara nyingi tatizo ni Windows imeiweka ile wai-fai kama Public, ibadilishe iwe Private. Wai-fai za hoteli na vyuo nyingine zimezuia vifaa kuonana kabisa, hapo rudi kwenye hotispoti yako.

Kama mpo mikoa tofauti na mnafanya kazi moja kila siku, tuseme prodyuza yupo Mwanza na anayefanya miksi yupo Dar, tumieni Syncthing, programu ya kufananisha folda za kompyuta mbili. Kila kompyuta inapewa namba ndefu ya utambulisho, mnapeana, mnachagua folda, kuanzia hapo chochote kinachowekwa upande mmoja kinajileta upande wa pili, na njiani kimefungwa kwa usimbaji, hata kikipita kwenye seva ya kusaidia kuunganisha haisomi kilichomo. Kwenye Android ile programu rasmi ilisitishwa Desemba 2024, tafuta Syncthing-Fork. Na hapa naomba msikilize vizuri kwa sababu watu wanalia sana: HII SIYO BAKAPU. Mwenzio akifuta faili kwake na kwako linafutika, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya folda uwashe File Versioning (inatunza nakala za zamani) mapema kabla hamjaanza kazi.

Kama wapokeaji ni wengi, mfano vipindi vya mwaka mzima kwa darasa zima au albamu unayoigawa bure, hapo ndo torenti, yaani kila anayeshusha faili anawagawia na wenzake vipande, ina faida kubwa. Torenti siyo uhalifu, Ubuntu na Debian wanagawa mifumo yao ya kompyuta hivyo kila siku. Weka programu ya qBittorrent, nenda Tools halafu Torrent Creator, chagua folda yako, tiki ya private itoe, ya kuanza kugawa papo hapo iweke, hifadhi. Kisha bofya kulia kwenye hiyo torenti unakili linki ya magnet, inaanza na magnet:?xt=urn:btih: halafu herufi na namba nyingi, hiyo ndo unaiweka kwenye grupu. Ile linki haionyeshi faili lipo wapi, inalitambulisha faili kwa alama zake, na kompyuta zenyewe zinatafutana mpaka zimpate mwenye nalo, kwa hiyo hakuna tovuti ya kufungwa.

Shida yake kwetu ni kwamba laini za simu nyingi zinachangia anwani moja ya IP (namba inayoitambulisha laini yako mtandaoni) watu wengi, hivyo wengine wanashindwa kukufikia moja kwa moja na mwanzo unakuwa wa kinyonga. Suluhisho ni kupandisha pia kwenye Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, kazi yako au yenye leseni huru, wao wanatengeneza torenti wenyewe na seva zao zinagawa hata wewe ukiwa umezima. Ila nao usiwategemee peke yao, Oktoba 2024 walivamiwa na wadukuzi wakawa nje siku kadhaa.

Kitu ambacho wengi hawajui, ukishusha torenti wakati huohuo unawagawia wengine, na kila aliyemo anaiona IP yako. Kwa hiyo ukishusha muvi ya watu sheria inakuhesabu msambazaji, na ndugu zetu mlioko Ujerumani mnazijua zile barua za mawakili zinazodai mamia ya euro. Huku nyumbani wasimamizi wa hakimiliki wapo, COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya, na sheria ipo, halafu msanii wa hapahapa ndiye anayekosa hela ya studio. Wapo watakaokwambia washa VPN tu (programu ya kuficha IP), sasa kwa Tanzania kumbuka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, Oktoba 2023 ilitangaza wanaotumia VPN wajisajili, na hata hivyo VPN haigeuzi kazi ya mtu kuwa yako.

Kwa mafaili ya kazi ya mteja ongeza na uhakiki. Kwenye Windows fungua Command Prompt kwenye folda husika uandike certutil -hashfile harusi.mp4 SHA256, weka jina la faili lako, utapata mstari mrefu ambao ni kama alama ya kidole ya faili hilo, mtumie mteja pamoja na faili. Yeye akifanya hivyohivyo na mistari ikafanana basi faili limefika zima, ikitofautiana hata herufi moja mtumie upya. Usifute cha kwako mpaka akujibu kwamba imefanana, na kwenye grupu la torenti usizime kompyuta mpaka angalau watu wawili waseme wamefika asilimia 100.