Namna ya Kuendesha Msimu wa Michezo katika Skuli Ndogo ya Dakhalia

Skuli ndogo ya wavulana inayolaza wanafunzi wake ina tatizo la michezo ambalo skuli kubwa haliisumbui sana. Ikiteua timu moja ya wachezaji 11 na kuipeleka kucheza nje, wanafunzi wote waliobaki huwa watazamaji mwaka mzima, nao ni vijana wanaolala hapo hapo, wasio na pengine pa kwenda ikifika jioni. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia ndani: ligi ya skuli yenyewe kwanza, timu ya kutoka nje baadaye. Mfano nitakaoutumia ni skuli ya Pemba yenye wanafunzi 120, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, yenye kiwanja kimoja cha mpira wa miguu na nafasi ya kuchimbia nguzo za wavu pembeni.

Jambo la kwanza ni wakati. Masika hunyesha kwa nguvu zaidi Aprili na Mei, na kiwanja kilichokanyagwa kikiwa tope hakirudi kuwa kiwanja mpaka mwaka upite. Anza Juni, hewa ya kipupwe ikishaingia na upepo wa kusi ukishatulia katika mwendo wake, na upange wiki nane. Kaskazi ina jua kali mno kwa mpira wa saa kumi, na tena kwa miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11, mwezi huo utaendelea kurudi nyuma, basi kila mwalimu anayepanga kalenda aiangalie upya badala ya kunakili ya mwaka uliopita. Karafuu nazo zikianza kuiva, wazazi wengi huomba watoto wao warudi nyumbani mwisho wa wiki kusaidia kuchuma na kuanika, na hakuna ligi itakayoshinda ombi hilo. Ni bora msimu uwe umekwisha kabla mavuno hayajapamba moto.

Sasa wagawe wanafunzi. Usiwaachie manahodha wachague mmoja mmoja mbele ya wenzao, kwani yule anayebaki wa mwisho hatasahau. Watazame wote katika mazoezi ya wiki ya kwanza, uwapange kimyakimya kwa uwezo katika kila kidato, kuanzia aliye hodari zaidi, kisha uwagawe katika timu nne kwa kwenda na kurudi: wa kwanza timu ya kwanza, wa pili ya pili, wa tatu ya tatu, wa nne ya nne, wa tano tena ya nne, na hivyo hivyo kurudi hadi ya kwanza. Kila timu itapata vijana 30, nusu yao wa vidato vya chini na nusu wa vidato vya juu, na mwalimu mmoja mlezi. Ziite kwa majina ya Pemba yenyewe, kama Ngezi, Kigomasha, Misali na Pujini. Ukiziita Simba na Yanga umeuleta ndani ya dakhalia ugomvi ambao hukuuanzisha na hutaweza kuumaliza.

Ratiba ya timu nne ni nyepesi. Wiki ya kwanza Ngezi hukutana na Kigomasha, na Misali na Pujini. Ya pili Ngezi na Misali, Kigomasha na Pujini. Ya tatu Ngezi na Pujini, Kigomasha na Misali. Rudia mzunguko huo mara moja, zitakuwa wiki sita. Wiki ya saba ni ya akiba kwa mechi zilizovunjwa na mvua, kwani hata kipupwe kina manyunyu yake, na ya nane ni ya fainali. Katika kila wiki, jozi hizo hushindana katika michezo mitatu. Jumanne jozi ya kwanza hucheza mpira wa miguu wakati ya pili iko kwenye wavu, Jumatano hubadilishana, Jumamosi asubuhi jozi zote mbili hucheza mpira wa mikono, moja baada ya nyingine. Jumatatu na Alhamisi nimeziacha kwa makusudi, kwa sababu siku hizo wapo wanaofunga sunna, na haifai kijana achague baina ya funga yake na timu yake.

Kanuni ninayoisisitiza kuliko zote ni hii: kila mechi igawanywe kwa umri. Katika mpira wa miguu kipindi cha kwanza ni cha vidato vya kwanza na vya pili, kipindi cha pili ni cha vya tatu na vya nne, na magoli yanajumlishwa. Katika wavu wadogo hucheza seti moja ya pointi 25 na wakubwa seti yao, kisha pointi zote hujumlishwa. Mpira wa mikono nao hufuata kipindi kwa kipindi, dakika 20 kila kimoja. Faida yake ni kubwa. Mtoto wa miaka 14 hagongani na kijana wa miaka 19, wachezaji 22 wa kila timu huingia kiwanjani katika mechi moja ya mpira wa miguu badala ya 11, na kaka wa kidato cha nne aliyezoea kumtuma mdogo wake maji hujikuta akimwinamia kumfunga kamba za viatu, kwa sababu bao la mdogo huyo ni bao la timu nzima. Ongeza sharti kwamba hakuna mwanafunzi atakayemaliza wiki bila kucheza mchezo mmoja, na sharti hilo lisimamiwe na mwalimu mlezi, si nahodha. Msimamo uwe mmoja kwa michezo yote mitatu: ushindi pointi 3, sare pointi 1. Timu dhaifu ya mpira wa miguu huweza kuongoza ligi kwa wavu na mikono, jambo linalowapa hadhi vijana warefu wasiojua kupiga chenga.

Muda wa jioni ni mfupi kuliko unavyodhani. Baada ya swala ya Alasiri, filimbi ilie saa 10:15. Vipindi viwili vya dakika 30 na mapumziko ya dakika 10 humalizika saa 11:25. Usirefushe. Vijana 120 wanataka kuoga kabla ya Maghrib, na tangi la dakhalia lina mdomo wake mmoja. Mjulishe pia mpishi siku za mechi, ili maji ya kunywa yachemshwe na kupoa tangu asubuhi.

Kiwanja hakihitaji fedha nyingi. Sheria za mpira wa miguu zinataka urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90, lakini kama minazi imekubana, kiwanja cha mita 80 kwa 50 kinawafaa wanafunzi bila taabu. Goli liwe na upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na nguzo zichimbiwe ardhini. Goli la kuhamishwa lisilofungwa chini likiangukia mtoto linaweza kumuua, na si la kuning'inia hata kwa mzaha. Kabla ya siku ya kwanza muite mkwezi aangue nazi za minazi yote iliyo karibu na mistari. Kwa nyavu, waulize wavuvi jarife kuukuu. Mistari ichorwe kwa unga wa mawe ya chokaa yasiyochomwa au kwa rangi nyeupe ya maji, kwani chokaa iliyochomwa, hata ikizimwa maji, huweza kuunguza ngozi na macho. Wavu wa wanaume huwekwa kimo cha mita 2.43, kwa kipindi cha wadogo ushushe hadi 2.24. Uwanja wake ni mita 18 kwa 9, na ule wa mpira wa mikono, mita 40 kwa 20, unaingia ndani ya kiwanja kikubwa.

Waamuzi watoke miongoni mwa wanafunzi wa jozi isiyocheza mechi hiyo. Timu inayocheza wavu hutumia wachezaji 12 tu, basi wamebaki wa kutosha kushika filimbi, vibendera na daftari. Wafundishwe sheria kwa jioni kadhaa kabla ya msimu, na mwalimu akae pembeni bila kuingilia uamuzi, hata ukiwa mbaya. Anayembishia refa kwa matusi akose mechi inayofuata ya mchezo wowote. Adhabu ya viboko haina nafasi hapa.

Afya haina budi kupewa uzito. Kabla ya msimu mwandikie kila mzazi umuulize kama mtoto ana pumu, seli mundu, kifafa au ugonjwa wa moyo. Mwenye pumu dawa yake ya kuvuta iwe ukingoni mwa kiwanja, si sandukuni bwenini. Mwenye seli mundu anywe maji mara kwa mara na aruhusiwe kupumzika bila kuulizwa. Aliyeteguka kifundo awekewe kitambaa cha maji baridi, afungwe bendeji na ainue mguu. Akishindwa kutembea hatua nne, apelekwe hospitali apigwe picha. Aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu, akachanganyikiwa au akatapika hatoki tu kiwanjani, bali hapelekwi kulala peke yake: apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asirudi mchezoni mpaka daktari aruhusu. Radi ikisikika, mechi inavunjwa na wote wanaingia ndani ya jengo, si chini ya mwembe.

Fainali ikishachezwa ndipo uteue timu ya skuli ya kwenda kucheza na skuli za jirani, na uiteue kwa daftari la waamuzi, ambalo lina wafungaji, kadi na mahudhurio ya wiki zote, badala ya kwa sifa zinazozungumzwa bwenini. Mara nyingi daftari hilo humtoa mlinzi mmoja mtulivu wa kidato cha pili ambaye hakuna aliyemtaja. Barua za ruhusa ya wazazi zikusanywe kabla gari halijakodiwa. Mipira ihesabiwe siku ya mwisho, ipunguzwe upepo kidogo na itundikwe stoo mahali pasipofikiwa na panya, pamoja na pampu na sindano zake, kwa maana sindano ndizo hupotea kwanza, nawe utaanza kuzitafuta wiki ile ile ambayo msimu mwingine unafunguliwa.