Herufi zikikukwamisha kwenye Scrabble, zipange duara

Kwa wenzangu wa Moshi tunaocheza Scrabble ya Kiingereza jioni, ule mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vipande vya herufi: herufi zako saba zikikataa kutoa neno, usiendelee kuzikodolea macho zikiwa kwenye mstari. Ziandike kwa duara kwenye kipande cha karatasi. Kwenye mstari jicho huanzia kushoto kila mara na kurudia mwanzo uleule usiozaa kitu. Duara halina mwanzo, kwa hiyo kila herufi inapata nafasi ya kutangulia. Kisha tenga pembeni miisho ya kawaida: ING, ED, ER, EST. Chukua A, E, G, I, N, R, T. Ukitoa ING zinabaki A, E, R, T, na hapo TEARING inajitokeza yenyewe. Usitulie bado! Irudishe ING kwenye duara uzungushe tena, maana herufi hizohizo zinatoa GRANITE na INGRATE, na huenda mojawapo ndiyo inayoingia vizuri pale ubaoni. Kumaliza herufi zote saba kwa mpigo kunakupa pointi 50 za ziada, hivyo dakika moja ya kuzungusha inalipa kweli.

Duara halisaidii ukiwa huna irabu, au unayo moja tu. Hapo badilisha baadhi ya herufi, hata kama zamu inapotea. Q bila U nayo haiokolewi hivi: kariri maneno yasiyohitaji U, kama QI na QAT, kabla hujakaa mezani.