Kutengeneza kiti bila msumari wala gundi, kama mafundi wa vijijini Marekani ya zamani

Hii mbinu walikuwa wanaitumia kule miaka ya 1790 na naipenda sana, siri yote iko kwenye unyevu wa mti.

Tafuta gogo bichi la mwaloni, limenyooka, halina vifundo. Usiguse msumeno, lipasue kwa kabari na nyundo ya mbao ili lifuate nyuzi zake lenyewe, ndo maana miguu ya viti vyao ilikuwa haivunjiki ovyo. Halafu chonga miguu na fito za kuiunganisha kwa kisu cha mikono miwili.

Sasa hapa usiharakishe kabisa. Fito zianike karibu na moto siku kadhaa mpaka ukizigonganisha zinalia kwa sauti kali, si ile ya du, lakini miguu iache na ubichi kidogo. Toboa kwa keekee, gongea fito kwa nguvu, basi mguu ukiendelea kukauka unasinyaa na kuibana fito, nayo fito ikivuta unyevu inavimba humohumo, haitoki tena.

Fundi wa kijijini alikuwa pia mkulima, kwa mfano familia ya akina Dominy wa East Hampton, Long Island, New York walitengeneza saa na fanicha huku wanalima, na wateja wengi vijijini walilipa kwa mazao au kibarua. Vifaa vya akina Dominy viko makumbusho ya Winterthur, Delaware.

Sehemu ya kukalia suka kwa matete yaliyolowekwa, ukivuta kila mzunguko ukaze.