Namna ya kusoma swali la vikao vya Bunge kabla ya kupiga kura Kentucky

Wandugu mliopata uraia huku Kentucky, swali la katiba, yaani badiliko la katiba ya jimbo mnaloulizwa NDIYO au HAPANA, lisomeni nyumbani. Karatasi ya mfano ya kura iko kwenye tovuti ya karani wa kaunti yenu. Msiogope urefu wake: mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya jimbo ilifuta badiliko moja kwa sababu wapiga kura hawakuonyeshwa maneno yake yote.

Nachukua mfano wa Badiliko la 1 la Novemba 2022, lililohusu vikao vya Bunge la jimbo, nililolisoma na wamama wa kanisa letu hapa Louisville, wengi wao wa Kivu.

Tafuta kwanza nani anaita wabunge. Piga mstari chini ya kila cheo. Kwa katiba ilivyo, kikao cha dharura huitwa na gavana tu. Badiliko lilitaka Rais wa Seneti na Spika, wakikubaliana, nao waweze kuita, hadi siku 12 kwa mwaka. Hapa kaa sana, ujiulize kwa nini wabunge waliliomba wakati ule. Mwaka 2020 Bunge lilifunga 15 Aprili, korona imepamba moto, na bila Gavana Andy Beshear kuliita lisingeweza kurudi hadi Januari, huku amri za korona zikitoka kwake. Mama mmoja akauliza, "Kwetu Kongo si nusu ya wabunge wanaweza kuomba kikao?" Ndiyo, wanaweza. Nilifurahi mno, maana hilo ndilo swali lenyewe: uwezo huo uwe mikononi mwa nani?

Kisha zungushia tarehe. Bunge hukaa siku 60 mwaka wa shufwa, mwisho 15 Aprili. Mwaka wa witiri siku 30, mwisho 30 Machi. Badiliko lilikuwa linaziondoa tarehe hizo za mwisho.

Angalia pia sheria mpya zinaanza kazi lini. Wengi huparuka hapa, na ndipo kodi na shule za watoto zinapoguswa.

HAPANA maana yake katiba ibaki ilivyo, na mwaka 2022 HAPANA ilishinda.

Kama Kiingereza hukisomi, sheria ya Marekani inakuruhusu kuingia na msaidizi unayemtaka, hata mwanao. Asiwe tu mwajiri wako wala mwakilishi wake, wala wa chama chako cha wafanyakazi. Vituo hufungwa saa 12 jioni. Ukiwa tayari kwenye foleni saa hiyo, usitoke, utapiga kura.